Umekatwa hela usizozijua kwenye kadi: soma dalili, ujue mwizi alipitia mlango gani

Meseji ya benki imeingia: umelipa dola 49 kwa duka ambalo hujawahi kulisikia. Kabla ya kumpigia mtu yeyote, fungua programu ya benki kwenye simu na uzuie kadi kwa muda. Programu nyingi zina kitufe hicho kwenye sehemu ya kadi. Kama yako haina, piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yenyewe, siyo iliyokuja ndani ya meseji. Kadi iliyozuiwa kwa muda hufunguliwa tena wakati wowote, kwa hiyo hata ukigundua baadaye kwamba ulikosea, hujapoteza kitu. Ukishazuia, tulia uchunguze.

Hapo kwenye kuchunguza ndipo wengi wanaporuka. Mtu anakimbilia tawini, analipia kadi mpya, na wiki tatu baadaye anakatwa tena, kwa sababu kilichovuja ni nywila ya barua pepe yake na si kadi. Mwingine anashinda usiku kucha akibadilisha nywila, kumbe namba ya kadi ilikisiwa tu na kompyuta. Milango ni mitatu: namba za kadi, akaunti yako kwenye duka fulani, na laini ya simu inayopokea OTP, ile namba ya siri ya mara moja ambayo benki hutuma kuthibitisha malipo. Kila mlango una dalili zake na kufuli lake.

Jingine la kuliweka akilini ni aina ya kadi. Kadi nyingi mikononi mwa watu Tanzania na Kenya ni za debiti, yaani zinachota moja kwa moja kwenye akaunti. Mwizi akipita, inayotoka ni hela yako ya kodi ya nyumba, na unabishana na benki ukiwa mfukoni huna kitu. Kwenye kadi ya mkopo unabishania deni tu. Aliyeko Uingereza ana kinga zaidi akilipa kwa kadi ya mkopo: kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974 kinaibana benki pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Marekani, sheria inaweka kikomo cha dola 50 kwa matumizi ya wizi ya kadi ya mkopo, lakini kwa debiti ukikaa zaidi ya siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti bila kuripoti, hasara inayofuata inaweza kuwa yako yote.

Kwanza usome mstari wa muamala

Jina linalotokea kwenye taarifa ya akaunti mara nyingi ni la kampuni iliyopokea malipo kwa niaba ya duka. Ukiona PAYPAL *, GOOGLE * au SQ *, duka lenyewe limeandikwa baada ya nyota, tena kwa ufupi unaokera. APPLE.COM/BILL inaweza kuwa gemu ambalo mtoto amelinunua akiwa na simu yako sebuleni. Njia ya haraka ya kujua: ingia kwenye barua pepe na utafute kiasi kamili, mathalani 49.00, badala ya kutafuta jina. Risiti nyingi "za wizi" huibukia hapo.

Kisha angalia tarehe, sarafu, na kama muamala bado unasubiri au umeshakamilika. Unaosubiri haujafika mwisho. Benki kwa kawaida haiwezi kuufungulia pingamizi, yaani madai rasmi ya kurudishiwa hela, mpaka ukamilike. Usikubali ukaambiwa "subiri" halafu kadi ikaachwa wazi. Pingamizi litasubiri, kadi ifungwe leo.

Tofauti ndogo ya kiasi, sana sana haina mwizi. Ulinunua kwa dola 20, benki ikashikilia kwa kiwango cha siku hiyo, muuzaji akachukua siku mbili tatu baadaye kwa kiwango kingine, na juu yake kuna ada ya kubadilisha fedha. Hoteli nazo hushikilia kiasi kama dhamana kisha hukiachia, kwa hiyo unaweza kuona mistari miwili ya chumba kimoja kwa siku kadhaa.

Dalili: umekatwa dola 1 au senti chache

Kama siku hiyohiyo umesajili kadi kwenye huduma fulani, huenda ni ukaguzi tu, na kiasi hicho kitarudi chenyewe. Kama hukusajili popote, kuna mtu anajaribu kama kadi inapumua. Akiona imekubali, namba inauzwa au inatumika kwa kiasi kikubwa saa chache baadaye, mara nyingi usiku wa manane au wikendi tawi likiwa limefungwa.

"Lakini sijawahi kununua kitu mtandaoni!" Si lazima uwe umenunua. Tazama kadi yenye tarakimu 16. Nane za mwanzo, zamani sita, zinatambulisha benki na aina ya kadi, na wenzako wote wa aina hiyo wanazo zilezile. Ya mwisho hukokotolewa kwa hesabu kutokana na zilizotangulia. Zinabaki saba za kukisia, yaani namba milioni 10, ambazo kwa kompyuta ni kazi ndogo. Mwezi wa kuisha kadi, ukichukua miaka mitano, ni miezi 60 tu. CVV, ile namba ya siri ya tarakimu tatu nyuma ya kadi, ina uwezekano 1,000 tu, na yapo maduka ambayo hata hayaiulizi. Roboti inasambaza majaribio kwenye mamia ya maduka ili lisiwepo hata moja litakaloshtuka.

Dawa ni namba mpya ya kadi. Mwambie wa benki waziwazi kwamba unataka namba mpya, maana kuna wanaochapisha upya kadi yenye namba ileile kama vile imechakaa. Nywila zako hazihusiki hapa.

Dalili: OTP imeingia na hununui kitu

Hii ni habari mbaya yenye heri ndani yake. Mtu ana namba ya kadi, tarehe na huenda CVV, akakwama kwenye mlango wa mwisho. Usiitumie, usiifute, piga picha ya skrini. Zuia kadi, omba nyingine. Baada ya dakika chache anaweza kupiga mtu mwenye sauti ya upole akijitambulisha kuwa wa "kitengo cha usalama", akijua jina lako na tarakimu nne za mwisho, akiomba umsomee hiyo OTP ili "asitishe muamala". Kusitisha hakuhitaji OTP. Kurudishiwa hela pia hakuhitaji OTP, wala PIN, wala kupakua programu ya kumwonyesha mtu skrini yako.

Kuna hali nyingine yenye hila zaidi, ambapo OTP inakuja ukiwa kweli unalipa kitu. Umepata meseji kwamba mzigo wako umekwama, lipia shilingi 2,350 uachiliwe. Umefungua linki, umejaza kadi, ukurasa unasubiri OTP. Simu inalia:

"OTP 482913 ya kulipa USD 640.00. Usimpe mtu yeyote."

Wengi macho yao yanazirukia tarakimu sita na kuziandika. Maneno yanayofuata ndiyo yenye habari: wewe unalipa shilingi 2,350, meseji inasema dola 640. Ukurasa wa mbele ni pazia. Nyuma yake mtu anaijaza kadi yako kwenye duka halisi muda huohuo. Soma kiasi na jina la muuzaji kabla ya tarakimu. Meseji ya benki yako isipoonyesha kiasi, chukulia kuwa kila OTP ni hundi iliyosainiwa ikaachwa wazi.

Kwa walioko Ulaya, Marekani na Ghuba, ambako simu nyingi zinalipa kwa kugusa mashine, meseji inaweza kusema OTP ni ya kuunganisha kadi na Apple Pay au Google Wallet. Ukiitoa, kadi yako inakaa ndani ya simu ya mwizi na anaenda kugusa nayo madukani. Hapo usiishie kufunga kadi. Uliza benki ina simu ngapi zilizounganishwa na kadi hiyo, na zote zisizo zako ziondolewe.

Dalili: mtandao wa simu umekatika ghafla, kisha hela zinatoka

Mwangalie jirani mwenye mtandao kama wako. Kama yeye anapata na wewe hupati, azima simu upige namba yako. Ikiita huku simu yako imekaa kimya mezani, laini imehamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu, na OTP zako zote zinasomwa na mtu mwingine, pamoja na za M-Pesa na za barua pepe.

Hapa unahitaji watu wawili na simu mbili: mmoja apige kampuni ya simu laini ifungwe, mwingine apige benki kadi na huduma za simu zisimamishwe. Kisha nenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho, urudishe laini. Nywila ya barua pepe ibadilishwe baada ya laini kurudi. Ukiibadilisha mapema, mwizi anaiomba tena kwa meseji.

Kinga zipo na ni za bure. Tanzania piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kenya, mteja wa Safaricom hupiga *100*100# kuzuia laini yake isibadilishwe na wakala, ila kwenye maduka ya kampuni. Na benki ikikupa chaguo la kuidhinisha malipo ndani ya programu yake badala ya OTP ya meseji, lichukue.

Dalili: duka unalolijua, lakini si wewe uliyenunua

Kadi yako huenda ni nzima kabisa. Mtu ameingia kwenye akaunti yako ya duka, akakuta kadi imehifadhiwa, akaagiza. Aliipata nywila kwenye tovuti nyingine iliyovuja miaka iliyopita, kwa sababu umeitumia hiyohiyo kila mahali. Ukibadilisha kadi na kuisajili tena pale, umemwekea mwizi kadi mpya.

Anza na barua pepe, kwa sababu ndiyo funguo ya nyingine zote. Badilisha nywila, toa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha ingia kwenye mipangilio na utafute kanuni za kuhamisha au kuchuja ujumbe. Wezi hupenda kuacha kanuni inayotupa kila ujumbe wenye neno "order" kwenye takataka. Ndipo uende dukani: nywila, anwani za kupokelea mizigo, namba ya simu, oda zinazosubiri. Oda ambayo haijasafirishwa inaweza kufutwa, na hiyo ni haraka kuliko pingamizi lolote.

Je, kisanduku chako kimefurika ghafla barua mia tatu za majarida usiyoyajua? Usizifute zote kwa mkupuo. Ndiyo njia ya kufukia risiti moja ya kweli. Tafuta humo majina ya maduka unayotumia.

Dalili: kiasi kilekile kila mwezi

Ulijaribu kitu "bure siku 7" ukaacha kadi. Kufunga kadi peke yake kunaweza kusikusaidie: Visa na Mastercard zina mfumo unaowapelekea wauzaji wa malipo ya kila mwezi namba yako mpya, ili huduma zisikatike. Sitisha kwa muuzaji mwenyewe, hifadhi uthibitisho wa kusitisha, na uiombe benki izuie malipo ya muuzaji huyo. Akikata tena baada ya tarehe ya kusitisha, una pingamizi lenye nguvu. Bila uthibitisho huo, ni neno lako dhidi ya lake.

Dalili: ulilipa mwenyewe, mzigo haukuja au kimekuja kitu kingine

Kosa moja hapa linaangusha watu wengi. Kwenye fomu ya benki wanaweka alama kwenye "sikuidhinisha muamala huu". Benki inaangalia, inaona OTP iliingizwa kutoka simu ya mteja, inakataa. Wewe uliidhinisha. Sababu sahihi ni "bidhaa haikufika" au "bidhaa hailingani na maelezo", ambayo ni kundi jingine la madai, na OTP haiyazuii.

Viambatanisho: risiti, picha ya skrini ya tangazo lenye maelezo ya bidhaa, tarehe iliyoahidiwa, na mawasiliano yanayoonyesha uliomba kurudishiwa kwanza. Kwa Visa, muda wa kawaida ni siku 120, zinazohesabiwa tangu muamala au tangu tarehe ambayo mzigo ulitarajiwa. Muuzaji tapeli anaijua kalenda hiyo. Ndiyo maana kila wiki anaandika "meli imechelewa, vumilia ndugu mteja". Mpe tarehe moja ya mwisho, ikipita fungua madai.

Ujanja mwingine wao ni namba ya mzigo iliyo halisi, inayoonyesha "umefikishwa". Wametuma bahasha tupu kwa mtu mwingine katika mji wako. Iombe kampuni ya usafirishaji barua inayoonyesha uzito na mtaa uliofikishwa. Bahasha ya gramu 20 haiwezi kuwa na jiko la umeme.

Kama ulilipa kwa lipa namba au kwa kumtumia mtu hela kwenye simu, hakuna njia hii ya pingamizi. Piga kampuni ya simu mara moja, kabla hajazitoa.

Dalili: kadi mpya nayo imepigwa

Ikiwa ni muuzaji yuleyule, rudi kwenye malipo ya kila mwezi hapo juu. Ikiwa ni wauzaji tofauti, kifaa chako kimeingiliwa, au duka unalolitumia limeingiliwa. Kwa hilo la kwanza, njia kuu ni programu za kompyuta "zilizovunjwa", yaani za kulipia zilizochezewa ili zitumike bure. Zinakuja na kirusi kinachonyonya nywila na kadi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Safisha kompyuta, ikibidi weka mfumo upya, futa kadi kwenye kivinjari, ndipo uandike namba mpya popote.

La pili halitegemei uangalifu wako. Mwaka 2018 wezi walipenyeza msimbo kwenye tovuti ya British Airways, ukawa unanakili kadi wakati wateja wanazijaza kwenye ukurasa halali kabisa. Mamlaka ya Uingereza ikaitoza kampuni faini ya pauni milioni 20 mwaka 2020. Alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti ilikuwepo muda wote. Kufuli linasema tu kwamba njia kati yako na tovuti imefichwa, na hata tapeli anapata cheti chake bure.

Benki inaposema "OTP ilitumika, kwa hiyo ni wewe"

Usiondoke na jibu la mdomo. Omba kwa maandishi: saa ya muamala, jina la muuzaji, nchi, na kama muamala ulithibitishwa kwa OTP kweli au ulipita bila uthibitisho. Swali hili lina uzito, kwa sababu kwa kanuni za Visa na Mastercard, muamala wa mtandaoni uliopita bila uthibitisho huo, hasara ya wizi kwa kawaida inaangukia upande wa muuzaji. Benki yako haipotezi kitu kwa kukudaia haki yako. Afisa wa tawini anaweza asilijue hilo. Omba faili lipelekwe kitengo cha kadi.

Ambatanisha namba ya taarifa uliyotoa polisi: RB kwa Tanzania, au OB kwa Kenya. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Ukishapata jibu la maandishi usiloridhika nalo, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki, na litauliza kwanza hilo jibu. Meseji za kitapeli zenyewe zipeleke 15040 Tanzania, na 333 kwa wateja wa Safaricom.

Mpangilio unaopunguza hasara

Kinga inayofanya kazi hata ukikosea ni kutokuwa na hela za kuibiwa kwenye kadi ya manunuzi. Tengeneza kadi ya mtandaoni isiyo ya plastiki. Kenya ipo ya M-Pesa GlobalPay tangu 2022, na Tanzania kampuni za simu na benki kadhaa zinazo. Iongezee hela ya ununuzi huo tu, kisha iache tupu. Kadi ya mshahara izimwe malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi, au kikomo chake kiwe sifuri. Ukikataliwa siku moja kwenye duka halali, usijaribu mara tano mfululizo, maana mfumo wa benki utakuona wewe ndiye mwizi. Angalia kikomo na namba ya simu iliyosajiliwa, ujaribu mara moja.

Anwani ya tovuti isome kuanzia kulia, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza. Kwenye benkiyako.co.tz.malipo-haraka.top/ingia, mwenye tovuti ni malipo-haraka.top, yaliyotangulia ni mapambo. Kwenye simu ndogo mapambo ndiyo huonekana na mwenyewe hukatwa, kwa hiyo gusa anwani uisome yote.

Hoteli au wakala akikuomba picha ya kadi pande zote mbili kwa WhatsApp, kataa, hata kama ni hoteli ya kweli. Kanuni za usalama wa kadi zinakataza kuhifadhi CVV baada ya malipo kuidhinishwa, na picha kwenye simu ya mhudumu wa mapokezi ni kuihifadhi. Omba linki ya malipo, au lipa ukifika. Na ile CVV nyuma ya kadi ya plastiki, ikariri, kisha iandike mahali pa siri nyumbani, na kwenye kadi uifunike kwa kipande cha utepe wa gundi. Mhudumu anayeondoka na kadi yako kwenda kwenye mashine nyuma ya kaunta atakuta tarakimu 16 na tarehe tu.